UZI: Isaya 60, nuru iliyozukia mji wa magofu na mataifa yakaanza safari

#1 Mleta mada

Wadau, salaam.

Nimeona niilete Isaya 60 hapa jukwaani kwa sababu ni sura inayonukuliwa sana na kusomwa kidogo. Mstari wa kwanza karibu kila muumini anaujua: "Ondoka, uangaze, kwa kuwa nuru yako imekuja, na utukufu wa BWANA umekuzukia." Wa tatu nao unafahamika: "Na mataifa wataijilia nuru yako, na wafalme kuujia mwanga wa kuzuka kwako." Lakini kuanzia hapo hadi mstari wa 22 kuna ngamia, merikebu, kondoo, dhahabu, miti ya Lebanoni, wageni wanaojenga kuta na malango yasiyofungwa usiku. Tukiyaruka hayo tunabaki na kaulimbiu.

Hoja yangu naiweka wazi mapema ili anayepinga ajue pa kunishika. Nuru inayoyavuta mataifa katika unabii huu si mali ya Sayuni, yaani mji wa Yerusalemu. Imemzukia wakati hana chochote cha kumulika, na ndiyo maana mataifa yanaweza kuijia bila kupigwa vita na bila kuburutwa.

Nimefikaje hapo? Nimeanza kusoma nyuma kidogo. Sura ya 58 inaonyesha watu wanaofunga, wanainamisha vichwa kama unyasi, na siku hiyohiyo ya mfungo wanawalemea wafanyakazi wao. Mungu anawaambia mfungo anaoutaka: fungueni vifungo vya uovu, mgawieni mwenye njaa chakula chenu, mwingizeni maskini asiye na makao nyumbani kwenu. Ahadi yake ni hii: "ndipo nuru yako itakapopambazuka gizani" (58:10). Kwa hiyo nuru ilikuwa na sharti, na sharti lenyewe ni tumbo la mwenzako.

Sura ya 59 inatoa matokeo, na ni mabaya. Mikono ina damu, midomo ina uongo, kweli imeanguka katika njia kuu. Halafu watu wenyewe wanakiri: "twatazamia nuru, na kumbe! latokea giza," wanapapasa ukuta kama vipofu, wanajikwaa adhuhuri kama vile ni usiku. Someni 59:9-10 polepole. Hawa ndio wanaoambiwa "uangaze" aya chache mbele.

Kati ya kupapasa ukuta na kuangaza, ni nini kimetokea? Mstari wa 16 wa sura ya 59: Mungu anaona hakuna mtu, anastaajabu kwamba hakuna mwombezi, basi mkono wake mwenyewe unaleta wokovu. Mstari wa 20: Mkombozi atakuja Sayuni. Kisha sura ya 60 inafunguka. Sharti la sura ya 58 halikutimizwa na mtu, na nuru imekuja hata hivyo. Mimi kila nikifika hapo huwa nasimama kwanza.

Karibuni tuchangie.

#2

Shukrani mkuu kwa uzi. Swali la awali kabla hatujaenda mbali: haya yalisemwa lini na kwa nani? Isaya mwana wa Amozi aliishi enzi za Uzia hadi Hezekia, yaani karne ya 8 KK. Wakati huo Yerusalemu haujaangushwa. Sasa unaposema "mji wa magofu" unatoa wapi?

#3 Mleta mada

Swali zuri ndugu. Kuna mitazamo miwili mikubwa na yote ina watu makini.

Mtazamo wa zamani, ambao Wayahudi na Wakristo wengi bado wanaushika, ni kwamba kitabu kizima ni cha Isaya mwenyewe, na sura za mwisho anaziona kwa roho ya unabii kabla hazijatokea. Mtazamo wa pili unasema sura za 40 na kuendelea zimetoka kwa manabii waliofuata njia yake, wakati wa uhamisho wa Babeli na baada ya kurudi. Mwaka 1892 Bernhard Duhm, msomi wa Kijerumani, alipendekeza kwamba sura za 56 hadi 66 ni fungu la peke yake, la wakati watu walikwisha kurudi. Tukumbuke pia kwamba gombo kubwa la Isaya lililopatikana katika mapango ya Qumran mwaka 1947, lenye urefu wa zaidi ya mita 7 na umri wa karibu karne moja na zaidi kabla ya Kristo, lina sura zote 66 katika gombo moja.

Kwa uzi huu hatuhitaji kumaliza ubishi huo. Shika mtazamo wowote kati ya hiyo miwili, bado mji unaosemeshwa katika sura ya 60 ni mji uliokwisha kupigwa. Mstari wa 10: Mungu anasema alimpiga katika ghadhabu yake. Mstari wa 15: ameachwa na kuchukiwa, hakuna mtu anayepita ndani yake. Sura ya 64 inaenda mbali zaidi: Yerusalemu ni ukiwa, na nyumba ya Mungu imeteketezwa kwa moto.

Na historia tunaijua. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuharibu Yerusalemu mwaka 586 KK (wengine huhesabu 587). Koreshi wa Uajemi akaitwaa Babeli mwaka 539 KK, akawaruhusu Wayahudi warudi. Hekalu jipya likakamilika yapata mwaka 515 KK. Lakini waliorudi walikuta nini? Msingi wa hekalu ulipowekwa, wazee waliowahi kuliona la kwanza walilia kwa sauti (Ezra 3:12). Nabii Hagai anawauliza kama hili la sasa si kama si kitu machoni pao. Yapata miaka 70 baadaye, mwaka 445 KK, Nehemia anazunguka usiku kukagua kuta, na mahali fulani kifusi ni kingi kiasi kwamba mnyama aliyempanda hana nafasi ya kupita (Nehemia 2:14).

Sasa ongezeni hili. Kuta zilipokwisha, Nehemia alitoa amri malango yasifunguliwe mpaka jua liwe kali, na yafungwe walinzi wakiwa bado wamesimama zamu. Sababu iko mstari unaofuata: mji ni mpana, watu wachache, nyumba hazijajengwa (7:3-4). Baadaye walipiga kura ili mtu mmoja katika kila kumi ahamie Yerusalemu (11:1), maana watu hawakujaa wenyewe.

Wekeni Isaya 60:11 pembeni ya hapo: "Malango yako nayo yatakuwa wazi daima, hayatafungwa mchana wala usiku." Kwa mlinzi wa lango la Nehemia maneno haya yangekuwa hatari kabisa. Mji wenye watu wachache, majirani wanaotishia, halafu uache malango wazi usiku? Unabii unaahidi kitu ambacho siasa ya siku ile isingethubutu.

#4

Mimi nataka niingie kwenye majina, maana wahubiri wengi wanayapita kama orodha ya abiria. Mstari wa 6 na wa 7 unataja Midiani, Efa, Sheba, Kedari na Nebayothi. Fungueni Mwanzo 25.

Midiani ni mwana wa Ibrahimu kwa Ketura. Efa ni mwana wa Midiani. Sheba ametajwa humohumo kama mjukuu wa Ketura. Nebayothi ni mzaliwa wa kwanza wa Ishmaeli na Kedari ni mdogo wake. Yaani mataifa ya kwanza kutajwa kwa jina kwamba yanaijia nuru ni watoto na wajukuu wa Ibrahimu waliotoka nje ya mstari wa Isaka.

Na someni Mwanzo 25:6: Ibrahimu aliwapa wana wa masuria zawadi, akawaondoa, akawapeleka upande wa mashariki wawe mbali na Isaka. Ishmaeli naye alikwisha kuondoka na mama yake, mkate na kiriba cha maji. Katika Isaya 60 watu hawa wanarudi, na safari hii wao ndio wenye zawadi. Mimi hili lilinigusa sana, kwa sababu linaonyesha kwamba mkusanyiko wa mataifa unaanza na ndugu waliotengana.

Halafu kondoo wa Kedari na Nebayothi wanapanda madhabahuni "kwa kibali". Sadaka ya wana wa Ishmaeli inapokelewa mahali palepale pa wana wa Isaka. Anayesema Mungu amewasahau watu wa Ishmaeli asome mstari wa 7 kabla hajahubiri.

#5

Naongezea kwa #4. Midiani na ngamia zao wana historia nyingine pia. Waamuzi 6: Wamidiani walikuwa wakipanda juu na mifugo yao na hema zao, wengi kama nzige, wao na ngamia zao bila hesabu, wakaingia katika nchi na kuiharibu. Waisraeli wakajificha kwenye mapango. Gideoni tunamkuta akipura ngano ndani ya shinikizo la divai ili Wamidiani wasimwone.

Kwa mtu wa Yuda, kuambiwa "wingi wa ngamia utakufunika" ni habari ya kutisha kabla hajamaliza kusikia sentensi. Ngamia walewale, Midiani yuleyule. Ila sasa wamebeba dhahabu na uvumba, na wanazitangaza sifa za BWANA.

Na Isaya 9, sura ya watu waliokwenda gizani wakaona nuru kuu, inataja "siku ya Midiani" mstari wa 4. Kule nira inavunjwa kama Midiani alivyoshindwa. Huku sura ya 60 Midiani hashindwi tena, anakaribishwa.

#6 Mleta mada

#4 na #5 mmenipa raha. Na mimi niongeze juu ya Sheba.

Sheba ilikuwa kusini mwa Arabia, katika nchi ya Yemeni ya leo, na mji wake mkuu ulikuwa Marib. Utajiri wake ulitegemea sana uvumba. Uvumba ni utomvu wa mti mdogo wa nchi kavu: mvunaji anakwaruza gome kwa chuma, utomvu mweupe unatoka tone kwa tone, unaachwa ukauke hapohapo mtini, kisha unarudi kuubandua. Hapo tena unapakiwa kwenye ngamia kwa safari ndefu ya jangwani kwenda kaskazini. Ndiyo maana ulikuwa ghali, na ndiyo maana ziara ya malkia wa Sheba kwa Sulemani katika 1 Wafalme 10 inataja ngamia, manukato, dhahabu na vito.

Linganisheni na Yeremia 6:20. Pale, kabla ya uharibifu, Mungu anawauliza watu wa Yerusalemu: mnaniletea uvumba wa Sheba wa nini? Sadaka zenu hazinipendezi. Watu walinunua bidhaa ya Sheba wakaifukiza huku wanadhulumiana, na Mungu akaikataa. Katika Isaya 60 wanaoileta ni watu wa Sheba wenyewe, kwa miguu yao na kwa vinywa vyao, na inapokelewa. Bidhaa ni ileile. Kinachotofautiana ni mikono na moyo wa anayeileta.

#7

Samahani wakuu, mimi nina pingamizi na sitaki lipakwe asali. Mnasema mataifa yanavutwa, hayaburutwi. Mstari wa 12 mnaupeleka wapi? "Kila taifa na kila ufalme usiotaka kukutumikia utaangamia." Mstari wa 10, wageni watazijenga kuta zako na wafalme wao watakuhudumu. Mstari wa 14, wana wa waliokutesa watakuja na kukuinamia, kwenye nyayo za miguu yako. Hiyo ni nuru au ni himaya? Babeli nayo ilijengwa na wageni waliotekwa. Mkisema ukweli, hapa Sayuni inaahidiwa kufanya kile ilichofanyiwa.

#8 Mleta mada

Ndugu #7, hapo pana uzito na sitakimbia.

Kwanza nakubaliana nawe kwamba lugha ya sura hii ni ya kupinduka kwa mambo: aliyeinamishwa anainuliwa, aliyemwinamisha anainama. Ni lugha ya watu walioumia. Kuta za Yerusalemu zilibomolewa na jeshi la Wakaldayo, yaani Wababeli (2 Wafalme 25:10). Kwa hiyo "wageni watazijenga kuta zako" ni malipo ya moja kwa moja: mikono ya kigeni ilibomoa, mikono ya kigeni inajenga. Hilo silioni kama utumwa. Kujenga ulichobomoa ni haki ya kawaida kabisa.

Pili, angalia utawala wa mji huu ni wa namna gani. Mstari wa 17 unasema wasimamizi wake watakuwa amani na watoza kodi wake watakuwa haki. Wa 18 unasema jeuri haitasikiwa tena katika nchi yake. Himaya ya Babeli isingeishi siku moja kwa masharti hayo. Unafahamu msimamizi katika kumbukumbu ya Israeli ni nani? Ni yule wa Misri aliyesimama na fimbo juu ya mtengeneza matofali. Kiti cha huyo ndicho anachokalia amani. Sayuni isingeweza kuwatendea wageni alichotendewa, kwa sababu vyombo vyenyewe vya kutendea vimeondolewa.

Tatu, kitabu chenyewe kimekwisha kufungua mlango kabla hatujafika sura ya 60. Isaya 56:3 inasema mgeni aliyeandamana na BWANA asiseme kwamba hakika BWANA atamtenga na watu wake. Mstari wa 7: nyumba yangu itaitwa nyumba ya sala kwa mataifa yote. Hao hawaji kama wafungwa, wanaletwa hadi mlima mtakatifu na wanafurahishwa humo.

Kuhusu mstari wa 12 wenyewe, wapo wafasiri wanaouona kama sauti tofauti, maana unakatiza mtiririko kati ya malango yaliyo wazi na utukufu wa Lebanoni, na hauna mwendo wa kishairi wa mistari inayouzunguka. Mimi siuondoi. Nausoma pamoja na wa 2, giza linaloifunika dunia. Taifa linaloikataa nuru linabaki gizani, na giza hilo katika sura ya 59 tulikwisha liona: ni damu, uongo na hukumu iliyopinda. Taifa linaloishi hivyo linaangamia kweli, na hakuna haja ya jeshi la Sayuni kulimaliza. Ona pia kwamba sura nzima haimpi Sayuni upanga. Anaambiwa aondoke, aangaze, ainue macho, atazame.

#9

Nashukuru kwa kutokwepa. Hoja ya msimamizi na mtoza kodi imenifikirisha. Lakini mstari wa 14 bado unanikaa vibaya, nitausoma tena na sura ya 61.

#10 Mleta mada

Haki yako ndugu. Na 61 ni mahali pazuri pa kuusoma, maana inaanza na habari njema kwa wanyenyekevu na uhuru kwa waliotekwa.

#11

Wapendwa, mimi naomba tuguse jambo ambalo limekuwa kero. Mstari wa 5, "utajiri wa mataifa utakuwasilia". Umekuwa tamko. Mtu anaambiwa atoe sadaka fulani leo, kesho utajiri wa mataifa unahamia kwenye akaunti yake. Na mstari wa 22, "mdogo atakuwa elfu", umekuwa ahadi ya biashara. Je, huo ni usomaji halali?

#12 Mleta mada

Hapana dada yangu. Na nasema hapana kwa sauti, kwa sababu watu wanaumia.

Kwanza anayeambiwa maneno haya ni mji, na mstari wa 14 unamtaja: Mji wa BWANA, Sayuni wa Mtakatifu wa Israeli. Anasemeshwa kama mwanamke aliyekaa chini kwa majonzi na kuambiwa asimame. Si ahadi ya mtu mmoja kwa mfuko wake.

Pili, tazama mpangilio. Anapoambiwa ainue macho, cha kwanza anachoonyeshwa ni watoto wake. Mstari wa 4: wana wako watakuja kutoka mbali, na binti zako watabebwa. Mama aliyepokonywa watoto anawaona wanarudi, wadogo wamebebwa. Dhahabu inakuja baada ya hapo. Hata merikebu za Tarshishi katika mstari wa 9 kazi yao ya kwanza ni kuwaleta wana kutoka mbali, na fedha imo ndani ya safari hiyohiyo. Anayehubiri sura hii akaanza na dhahabu amewaruka watoto.

Tatu, mali hiyo inakwenda wapi? Uvumba unafukizwa, kondoo wanapanda madhabahuni, miti ya Lebanoni inapamba mahali patakatifu, na mwenye utukufu ni BWANA. Hakuna mstari hata mmoja ambapo kiongozi wa dini anajilimbikizia. Na nakumbusha tena sura ya 58: nuru ilifungamanishwa na kumshibisha mwenye njaa. Kumchukulia mwenye njaa senti yake ya mwisho kwa jina la Isaya 60 ni kurudi sura ya 59 moja kwa moja.

Na mstari wa 22 unamalizika hivi: "Mimi, BWANA, nitayahimiza hayo wakati wake." Wakati wake. Hauwekewi tarehe na mtu mwenye kipaza sauti.

#13

Niongeze upande wa Wayahudi, maana sisi Wakristo tunaruka haraka kwenda Agano Jipya. Katika sinagogi, Isaya 60 husomwa kila mwaka. Baada ya siku ya Tisha be-Av, siku ya mfungo wa kuomboleza kuharibiwa kwa hekalu la kwanza na la pili (lile la pili liliangushwa na Warumi mwaka 70 BK), kuna majuma saba ya usomaji wa faraja kutoka Isaya. Sura ya 60 ni usomaji wa sita kati ya hiyo saba. Kwa hiyo wanaisikia wakiwa bado wanatoka kwenye kilio. Kwao ni ahadi ya Sayuni inayongoja ukamilifu wake, na haijahamishiwa kwa mtu mwingine.

Nadhani hilo linatia nguvu hoja ya mleta mada: hii ni faraja kwanza, kabla haijawa shangwe.

#14

Sawa, lakini sisi tunaoamini Kristo tunasomaje? Mamajusi si ndio hawa wafalme wa mstari wa 3? Na je, umetimia au bado? Kuna wanaosema ulitimia mwaka 1948 taifa la Israeli lilipotangazwa.

#15 Mleta mada

Nianze na mamajusi. Mathayo 2 haisemi walikuwa wafalme, wala haisemi walikuwa watatu. Inasema mamajusi kutoka mashariki, wakaona nyota, wakafuata, wakatoa dhahabu, uvumba na manemane. Kanisa lilipoisoma habari hiyo pamoja na Isaya 60 (wafalme, ngamia, dhahabu na uvumba) na Zaburi ya 72 (wafalme wa Sheba na Seba wataleta vipawa), picha ya wafalme juu ya ngamia ikazaliwa. Ndiyo maana Wakatoliki na makanisa mengine mengi husoma Isaya 60:1-6 kwenye sikukuu ya Epifania, yaani Tokeo la Bwana, pamoja na Mathayo 2. Usomaji huo naupenda, ila tusiseme Mathayo kaandika asichoandika.

Kuna kitu kingine kwa Mathayo. Mamajusi walikwenda Yerusalemu kwanza, kama Isaya alivyosema mataifa yatafanya. Na mji ulifanyaje? Mfalme akafadhaika, "na Yerusalemu pia pamoja naye". Makuhani wakuu na waandishi walikuwa na jibu sahihi la Maandiko, Bethlehemu ya Uyahudi, na hakuna hata mmoja aliyetajwa kuwa aliandamana nao. Wageni walioona nyota waliendelea na safari, wenye gombo wakabaki mjini. Hili linatuhusu sote tunaojiita watu wa nuru.

Luka anamleta Simeoni hekaluni akiwa na mtoto mikononi: nuru ya kuwa mwangaza wa mataifa, na utukufu wa watu wako Israeli. Vyote viwili kwa pumzi moja, bila kumtupa Israeli ili kumpata mgeni. Paulo na Barnaba katika Matendo 13:47 wanaitumia Isaya 49:6, "nimekuweka uwe nuru ya Mataifa", kueleza kwa nini wanawaendea wasio Wayahudi. Na Yesu mwenyewe anaposema "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu" (Yohana 8:12) na kwingine "Ninyi ni nuru ya ulimwengu" (Mathayo 5:14), ni mpango uleule wa Isaya: nuru ni yake, inakaa juu ya watu, mji ulio mlimani hauwezi kusitirika.

Umetimia? Mimi nasema umeanza na haujakwisha. Kwamba watu wa kila lugha leo wanamwomba Mungu wa Ibrahimu ni jambo ambalo mlinzi wa lango la Nehemia asingeliamini. Hilo ni kuanza. Lakini mstari wa 18, jeuri kutosikiwa tena, nani anaweza kusimama aseme limekwisha? Kwa hiyo anayeufunga unabii huu kwenye tarehe ya 1948, au kwenye dhehebu lake, ajibu kwanza mstari wa 18. Kuwarudisha watu kwenye nchi ni jambo zito na sitalidharau, ila sura inadai zaidi ya mipaka na bendera.

Ukamilifu wake Yohana anauona Ufunuo 21. Mataifa wanatembea katika nuru ya mji, wafalme wa nchi wanaleta utukufu wao ndani yake, milango haifungwi. Ni Isaya 60 karibu neno kwa neno, jua na mwezi havihitajiki. Tofauti ni mbili ninazoziona. Isaya ana madhabahu na nyumba ya utukufu, Yohana anasema hakuona hekalu ndani yake, kwa maana Mungu na Mwana-Kondoo ndio hekalu lake. Na lile neno la mstari wa 12 lililomkera ndugu #7 halimo katika picha ya Yohana. Badala yake anasema hakitaingia chochote kilicho kinyonge, yaani najisi, wala afanyaye machukizo na uongo.

#16

Hilo la mwisho sikuwahi kuliona. Asante.

Swali dogo: ukimshauri mtu anayetaka kuusoma unabii huu kwa utulivu, aanzie wapi?

#17 Mleta mada

Aanze na Isaya 56:1-8, kisha 58, 59 na 60 kwa mkupuo mmoja bila kusimama kwenye vichwa vya sura. Nehemia 1 hadi 7 aisome siku inayofuata ili aone mji wenyewe ulivyokuwa. Halafu Zekaria 8:20-23, ambapo watu kumi wa lugha zote za mataifa wanashika upindo wa nguo ya Myahudi mmoja na kusema twende pamoja nanyi, tumesikia kwamba Mungu yu pamoja nanyi. Amalize na Isaya 66:18-21.

Hapo kwenye 66:21 ndipo ningependa uzi uendelee, maana Mungu anasema baadhi yao atawatwaa kuwa makuhani na Walawi. Wafasiri hawakubaliani kama "baadhi yao" ni Wayahudi waliorudishwa kutoka ugenini au ni watu wa mataifa waliowaleta. Mimi naegemea kwenye mataifa, kwa sababu ya 56:7 na kondoo wa Kedari. Mwenye hoja ya upande wa pili aiweke hapa tuijadili.